Rangi Haiendeshi Motokaa

Kila mwaka, minada ya korosho inapokwisha na fedha kuingia katika akaunti za wakulima, mji wa Mtwara huona jambo ambalo sasa limekuwa desturi ya majira. Motokaa ambazo jana hazikuwapo huonekana barabarani, zang'aa kama sarafu. Mwenye motokaa huiosha asubuhi na jioni, jirani huja kumpa hongera, na watoto huomba wapandishwe japo hadi Shangani na kurudi. Hilo ni jambo jema. Mtu aliyefanya kazi kwa jasho lake ana haki ya kupunguziwa taabu ya mwendo.

Lakini miezi michache baadaye twaona jambo la pili, nalo si jema. Motokaa ile ile imesimama chini ya mwembe, bonneti i wazi, na mwenyewe amekaa kando na fundi wakihesabu gharama. Giaboksi imegoma. Sakafu imeliwa na kutu chini ya zulia. Matairi yaliyoonekana mapya yamepasuka ubavuni. Na yule aliyemuuzia hapokei simu tena, au akipokea asema, "Ndugu yangu, gari ulilitazama mwenyewe ukaliridhia."

Wengi wetu tukisikia habari hizo twasema kwamba huyo bwana hakuwa na bahati. Sisi twasema kwamba bahati haimo kabisa katika shauri hili. Masikitiko ya mtu aliyenunua motokaa na kuiona mbovu yana sababu zinazojulikana, na kila jambo lenye sababu inayojulikana lina dawa yake. Twaona yafaa kulizungumza jambo hili waziwazi, maana linawagusa wafanyakazi na wakulima kuliko matajiri. Tajiri akinunua motokaa mbovu hununua nyingine. Mfanyakazi akinunua motokaa mbovu huwa amenunua deni.

Tutoe mfano. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi huko Nanguruwe, baada ya miaka ishirini ya kazi, amekopa katika chama chake cha akiba na mikopo shilingi milioni 12, naye mke wake ameongeza fedha za korosho. Wakubaliana kununua motokaa ndogo: asubuhi itampeleka mwalimu kazini, na mwisho wa juma itachukua abiria hadi Mtwara mjini ili deni lilipwe. Katika nyumba kama hiyo motokaa si pambo. Ni chombo cha kazi kama vile jembe, nayo imekwisha kupangiwa kazi kabla haijafika: ada ya mtoto, bati za nyumba, marejesho ya kila mwezi. Motokaa hiyo ikifa mwezi wa tatu, mkopo haufi pamoja nayo. Mshahara utaendelea kukatwa kwa miaka mitatu au minne kwa ajili ya kitu kilicholala chini ya mwembe. Na kama haikufa, bali inaendelea kwenda na breki zisizoaminika na matairi makuukuu, basi hatari imevuka nyumba ya mwalimu ikawafikia abiria.

Ndiyo maana twasema jambo hili ni la watu wote.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Twapenda kusema "nimenunua gari jipya". Kwa kweli wengi wetu tukisema hivyo twataka kusema gari jipya kwetu. Motokaa nyingi zinazoingia nchini ni zile zilizokwisha kutumika, na sehemu kubwa yazo yatoka Japani, kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko kulia. Huko kwao sheria yaagiza motokaa ya mtu binafsi ikaguliwe rasmi inapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Kwa hiyo wengi huona heri wauze gari lingali zima kuliko kulilipia ukaguzi wa mara ya nne au ya tano. Hiyo ndiyo sababu gari lililotumika lapatikana Japani kwa bei nafuu, wala si kwamba kila linalouzwa ni bovu.

Gari hilo hupelekwa mnadani. Hapo mkaguzi hulizunguka, huingia chini yake, akaandika karatasi. Katika karatasi hiyo imo namba ya daraja la ubora, imo picha ya mchoro wa gari yenye alama mahali penye mkwaruzo, mbonyeo au kutu, na zimo kilometa lilizokwenda. Gari lililopata ajali likatengenezwa huandikiwa herufi R badala ya namba, ili mnunuzi ajue. Kwa ufupi, siku gari linapouzwa Japani, siri zake nyingi zimekwisha kuandikwa.

Basi siri hizo hupotelea wapi? Hupotelea njiani. Gari huvuka bahari, hushushwa Dar es Salaam, hulipiwa ushuru, huingia yadi. Kutoka yadi hununuliwa na dalali, naye dalali humwuzia mtu wa pili, ambaye huliendesha mwaka mmoja kisha akalileta kusini, mwendo wa kilometa zaidi ya 550, likauzwe msimu wa korosho. Katika kila mkono karatasi moja hupungua na rangi moja huongezeka. Linapofika kwa mwalimu wetu wa Nanguruwe, gari lina kadi ya usajili na harufu ya manukato, basi. Karatasi ya mnada haipo. Namba ya kilometa katika dashibodi nayo imekuwa ndogo kuliko ilivyokuwa baharini, maana siku hizi namba hizo ni za umeme, na fundi mwenye kifaa chake huzirudisha nyuma kwa muda mfupi.

Mnunuzi ambaye hana karatasi anayo hesabu. Akiambiwa kwamba gari la miaka 12 limekwenda kilometa 48,000 tu, na agawanye. Ni kilometa 4,000 kwa mwaka, ambazo ni kilometa 11 kwa siku. Inawezekana, wapo wazee Japani waendao sokoni na kurudi tu. Lakini jambo linalowezekana si jambo lililothibitishwa, na mwenye kulisema ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi.

Wala tusidhani kwamba masikitiko haya ni ya Mtwara peke yake. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kuhusu biashara ya magari yaliyotumika duniani. Taarifa hiyo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo yapatayo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na kwamba asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Wadachi walipoyachunguza magari yaliyokuwa yakipakiwa katika bandari zao kuja Afrika, waliona kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha kufaa barabarani wakati yalipokuwa yakisafirishwa. Yaani gari ambalo mwenyewe haruhusiwi kuliendesha kwao, laonekana linafaa kumbeba mtoto wa Mwafrika. Jambo hilo latuudhi, na lapaswa kumuudhi kila mtu mwenye heshima ya nafsi yake.

Hata hivyo, watu wa kusini wana sababu ya pekee ya kuelewa jambo hili, kwa kuwa bandari yao yenyewe ilizaliwa katika mkasa wa mitambo iliyonunuliwa pasipo kuulizwa habari zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 yaliletwa mashauri kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mitambo, na Februari 1947 Serikali ya London ikatangaza mpango wenyewe: zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa paundi milioni 25. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini. Kwa ajili hiyo ikakatwa shauri ijengwe bandari ya maji marefu Mtwara, na reli ya kutoka hapo hadi Nachingwea.

Kazi ilianzia Kongwa, katika Jimbo la Kati. Wakati ule viwanda vya dunia vilikuwa bado havijapona na vita, na matrekta mapya ya kutosha hayakupatikana. Basi wakubwa wa mpango wakanunua mitambo iliyoachwa na majeshi, mingine ikiletwa kutoka Ufilipino. Iliponunuliwa ilihesabiwa kuwa mali. Ilipofika ilionekana kuwa mzigo. Katika mwaka huo wa 1947 ulifika wakati ambapo thuluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa zimelala mbovu. Wakajaribu na njia nyingine: vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikageuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Hayo nayo hayakufaa. Udongo wa Kongwa una chembe ngumu za mchanga zilizosaga vyuma kama jiwe la kunolea, na ulipokauka jua likiwaka uligeuka kama saruji.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa paundi milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, karanga ilizojengewa hazikuwapo. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki, nayo hadi leo yatufaa kwa korosho na shehena nyingine.

Hatusemi kwamba matrekta mabovu peke yake ndiyo yaliyoua mpango wa karanga. Mvua chache, haraka na kutowasikiliza wenyeji vilichangia. Lakini mkasa ule watufundisha maswali mawili ambayo hayakuulizwa kwa wakati wake. La kwanza: chombo hiki kimetoka wapi, na kimefanya kazi gani kabla ya kuja kwetu? La pili: nchi tunayokipeleka ni nchi ya namna gani? Ikiwa dola kubwa yenye wahandisi na mawaziri iliyaacha maswali hayo ikapoteza mamilioni, mwalimu wa Nanguruwe atayaachaje akasalimika?

Swali la kwanza tumekwisha kulizungumza. Tulitazame la pili, maana hapo sisi wenyewe tuna sehemu yetu ya lawama.

Motokaa ndogo tunazozipenda, kama Toyota Vitz, IST au Passo, zilitengenezwa kwa ajili ya barabara laini za mijini. Ni magari mazuri kwa kazi yao. Lakini tuangalie kazi tunayoyapa. Kutoka Mtwara kwenda Msimbati utakutana na mchanga. Kuelekea Kilambo na vijiji vya bonde la Ruvuma, masika ikinyesha, udongo huwa tope linalonata. Motokaa yenye giaboksi ya otomatiki ya aina ya CVT, ambayo huvuta kwa mkanda wa chuma badala ya meno ya gia, ikizungushwa matairi mchangani kwa nusu saa hupata joto ambalo mkanda na mafuta yake havikukusudiwa kulistahimili. Wapo pia wapitao ufukweni maji yakipwa, kwa kufupisha njia au kwa starehe. Na wapo wachukuao samaki wa chumvi katika buti lisilotandikwa kitu, maji ya chumvi yakachuruzika hadi sakafuni. Pwani hii hewa yenyewe ina chumvi. Bati lililokwaruzwa na jiwe likaachwa bila rangi halitamaliza miaka mingi kabla ya kutoboka.

Tena yako makosa ya gereji. Rejeta hujazwa maji ya kisima, ambayo huacha kutu na magamba ndani ya mishipa ya injini, mahali pa maji maalumu ya kupoozea. Giaboksi ya CVT hutiwa oili ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, au ndiyo rahisi. Motokaa ya watu watano hupakia wanane na gunia mbili juu yao. Kisha chombo kikivunjika twamlaani aliyekiuza. Haki ni haki: kabla ya kusema "nimeuziwa mbovu", mtu ajiulize kama hakuinunua nzima akaiua mwenyewe. Vilio vya kweli hudhoofishwa na vilio vya uongo.

Lakini kosa la mtumiaji halimpi muuzaji ruhusa ya kuficha. Waswahili walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika biashara ya motokaa mambo yamegeuka: muuzaji huficha maradhi, na anayeumbuka ni mnunuzi.

Sheria yasemaje? Wako watu wengi wanaodhani kwamba mtu akikwisha kutoa fedha hana la kusema tena, hasa kama risiti imepigwa muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Hivyo sivyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyo Sura ya 214 ya sheria zetu, yamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake, na kilicho na ubora unaostahili kuuzwa. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, sheria yaweza kumlinda pia kwa jambo hilo. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria hiyo, ikiwa na kazi ya kuwalinda walaji pia. Kurudisha nyuma namba ya kilometa ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa kicheko.

Hata hivyo sheria ile ya uuzaji ina kifungu ambacho kila mnunuzi apaswa kukijua. Kama mnunuzi ameikagua bidhaa kabla ya kununua, basi kuhusu ubora wake wa kuuzika hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo anayelizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi moja, akasema "liko sawa", huenda amejifungia mlango mwenyewe. Na anayenunua kwa mtu binafsi, asiyekuwa mfanyabiashara wa magari, hupungukiwa na kinga hata zaidi, maana baadhi ya ulinzi huo humhusu muuzaji aliye katika biashara hiyo.

Vilevile tusikitazame cheti cha ukaguzi kama hirizi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina kazi ya kuhakikisha kwamba magari yaliyotumika yaingiayo nchini yanafaa barabarani. Kwa miaka kadhaa mawakala waliyakagua huko huko yalikotoka, na mwaka 2021 Shirika likaanza kuyakagua hapa nchini yanapowasili. Popote yanapokaguliwa, tukumbuke maana yake: ukaguzi huo husema kwamba siku ile breki, taa na usukani vilikuwa vikifaa. Hausemi giaboksi ina miaka mingapi ya kuishi, wala hausemi lolote kuhusu mikono mitano iliyolipitisha gari baada ya hapo.

Hapa wako wenzetu wasemao: dawa ni moja, magari makuukuu yapigwe marufuku. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Kwetu Tanzania hakuna marufuku ya namna hiyo. Gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu wake. Twayaheshimu mawazo ya wenzetu hao, lakini hatukubaliani nao kabisa. Umri peke yake si ugonjwa. Gari la miaka kumi na mbili lililotunzwa laweza kumfaa mkulima kuliko gari la miaka sita lililopinduka likanyooshwa. Ukiyafungia yote nje, bei ya yaliyomo ndani itapanda, na mwalimu wetu atabaki kituoni akingoja basi huku mtu wa mshahara mkubwa akipita. Kosa tunalotaka lipigwe marufuku ni kuificha historia ya gari.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu.

La kwanza ni kwa wenye mamlaka. Karatasi ya mnada, hati ya kusafirishia gari kutoka lilikotoka, na kilometa zilizosomwa siku ya ukaguzi, zisiishie katika majalada ya ofisi. Ziambatanishwe na usajili wa gari, ili mtu yeyote anayetaka kulinunua, awe Kariakoo au Mahurunga, aweze kuziona kwa namba ya chasi kabla hajatoa senti. Nchi ambayo mkulima wake hupokea fedha za korosho kwa njia ya benki na simu haiwezi kushindwa kumwonyesha namba tatu. Kurudisha kilometa nyuma kutakoma siku ambapo namba ya kweli itakuwa mahali asipoweza kufika fundi mwenye kifaa.

La pili ni kwa vyama vyetu: vyama vya akiba na mikopo, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika vya msingi. Chama kinachomkopesha mwanachama shilingi milioni 12 za kununua motokaa kina fedha zake ndani ya motokaa hiyo. Mbona basi hakitumi fundi kuitazama? Chama kimoja chaweza kuwa na fundi wake anayeaminika, na mkopo usitolewe mpaka fundi huyo ameandika maneno yake na kutia sahihi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na deni la miaka mitatu. Mtu mmoja mbele ya dalali ni mnyonge. Wanachama mia mbili wakisema hawanunui gari lisilo na karatasi, dalali ataitafuta karatasi.

La tatu ni kwa mnunuzi mwenyewe, na hapa hatuhitaji kwenda Japani kutafuta elimu. Twende Msangamkuu au Mikindani kwa wavuvi. Mtu wa pwani anaponunua mashua hatazami tanga wala rangi ya ubavuni. Hungoja maji yapwe, mashua ikae juu ya mchanga, akainama kuutazama mkuku. Huingia ngamani akaona maji yanapitia wapi. Hugonga mbao moja moja asikie kama zimeoza, na kalafati huipima kwa ncha ya kisu. Kisha huuliza: ilikuwa ya nani, ilivua wapi, iliwahi kupanda mwamba? Hapo ndipo bei huanza kutajwa. Kuuliza kwake hakuhesabiwi kuwa matusi, maana kila mtu ajua kwamba baharini hakuna gereji.

Basi tuinunue motokaa kama tunavyoinunua mashua. Tuitazame asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha tabia yake. Tuinue zulia tuguse sakafu kwa vidole. Tufungue kifuniko cha oili. Tukiona utando mweupe mzito kama maziwa, tusite na kumsikiliza fundi, maana huenda maji yameingia mahali pasipo pake. Tusome namba nne zilizogandamizwa ubavuni mwa tairi: 2318 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018, hata kama kashata zake bado ni ndefu na limepakwa rangi nyeusi. Tulinganishe namba ya chasi iliyopigwa katika chuma na ile iliyo katika kadi. Tuiendeshe kwa mwendo mrefu, kwenye kilima na kwenye njia mbovu, si kuzunguka yadi. Na kila ahadi itakayotolewa kwa mdomo, kwamba haijapata ajali, kwamba giaboksi ni nzima, iandikwe katika mkataba na itiwe sahihi. Muuzaji mkweli hataogopa kalamu.

Najua tutajibiwa, asema mmoja wetu katika chumba hiki, kwamba mtu akiuliza sana gari huchukuliwa na mwingine. Na lichukuliwe. Haraka hiyo ndiyo silaha ya dalali, naye huitumia msimu wa korosho kuliko wakati wowote, kwa kuwa ajua fedha zi mkononi na moyo una hamu. Tena tutajibiwa kwamba maskini hana la kuchagua. Sisi twaona maskini ndiye mwenye lazima ya kuchagua kuliko wote, maana hana fedha ya kukosea mara mbili.

Mpango wa karanga uliacha nyuma yake bandari inayotufaa. Motokaa mbovu haiachi kitu ila deni na chuma kilicholiwa na chumvi. Msimu ujao korosho zitavunwa tena, fedha zitaingia tena, na magari yatashuka tena kutoka Dar es Salaam yakipita daraja la Mkapa kuja kusini, yameoshwa, yamepakwa rangi, yananukia. Tuwapokee wenye kuyaleta kwa adabu, tuwaulize lilikotoka kila moja, na tusihesabu noti hata moja mpaka tujibiwe kwa maandishi.